Mkono Nyuma ya Samaki

Dada zangu, na nyinyi mabiharusi mnaopita hapa kutafuta mishono. Leo sina mshono. Nina hadithi ya kamera na maji, na ya mwanamke mmoja mzaliwa wa Nairobi ambaye natamani mngemjua.

Duka langu liko Tarime mjini. Mimi ni mtoto wa Unguja, niliolewa huku na cherehani yangu ikanifuata. Ukutani, kati ya gauni jeupe la maonyesho na kioo cha kujitazamia, nimetundika picha moja ya bluu. Ni samaki wa mistari mbele ya matumbawe, na nyuma yake kwa mbali unaonekana mkono wa mtu umeshika kibao cha kuandikia. Niliipiga mwenyewe kaskazini ya Unguja, kwenye kina cha mita saba. Si picha nzuri sana, mkia wa samaki umekatika. Lakini hakuna mteja anayeingia asiulize habari ya samaki yule.

Juzi kati alikuja biharusi kutoka Mugumu, wilaya ya Serengeti, kupimwa gauni la usiku wa hina. Akaitazama picha muda mrefu, kisha akasema, "Dada, kwani picha hizi mpaka mtu aende Zanzibar? Sisi mto Mara tunao. Hakuna aliyewahi kuingia na kamera kwenye maji ya kwetu?"

Mavyaa wangu alikuwa kakaa kwenye benchi anachambua mchicha. Hata hakuinua macho. "Aingie aliwe na nani, mwanangu? Na mamba au na kiboko?"

Tukacheka. Lakini swali la yule binti lilikuwa swali la haki, na jibu lake nilikuwa nalo nusu, kwa sababu ya mambo yaliyonipata nilipokuwa najifunza. Hapa nalijibu lote.

Kuogelea nilijifunza utotoni kwa kuibia, na nguo zangu zote mwilini, na nikirudi nyumbani nimerowa nilikuwa najua kinachonisubiri. Kupiga mbizi na mtungi wa hewa nimejifunza ukubwani, nina watoto, niliporudi Unguja kwa wiki tatu. Niliomba mwalimu mwanamke na nikampata. Nguo ya mpira ya wazamiaji inafunika mwili mpaka kwenye vifundo, ila inabana, nanyi mnajua inabana namna gani. Basi nikajishonea joho fupi la kitambaa cha kuvutika, linafika magotini, lina mipasuo pembeni, na upindo nimeutia mpira ili lisipande likajaa maji kama mwavuli. Kichwani kuna kofia ya mpira wanayoivaa wazamiaji wa maji baridi, inafunika nywele, masikio na shingo. Jambo moja tu la kuangalia: miwani ya kuzamia lazima ikae juu ya ngozi tupu. Ukingo wa mtandio ukipita chini yake, hata upana wa kidole, maji yanaingia.

Na kwa kuwa wengi mmeniuliza kuhusu nguo hizi: burkini ilibuniwa na mwanamke wa Kiislamu, Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon anayeishi Sydney, Australia. Mwaka 2004, baada ya kumwona binti wa ndugu yake akicheza netiboli huku akihangaika na nguo nyingi na mtandio, alianza kushona nguo za michezo za kuwafaa wasichana kama yule, na ya kuogelea ikatoka humo. Nungwi kwetu, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo hizo, na mpiga picha Anna Boyiazis akawapiga humo majini. Picha zake zilipata zawadi katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018. Kwa hiyo msiniambie mambo haya si yetu.

Nirudi kwenye kamera. Mwalimu wangu alinikataza. Alisema kwanza nijue kusimama ndani ya maji nisizame wala nisipande, kwa kutumia pumzi tu, kama mtu aliyelala hewani. Sababu yake niliielewa baadaye. Mwenye kamera hutazama kiooni, akasahau miguu yake. Huku yeye anamtafuta samaki, mapezi aliyovaa yanavunja matumbawe nyuma, na matumbawe yaliyokaa kama jiwe hukua milimita chache tu kwa mwaka. La pili lilikuwa kubwa zaidi: usizuie pumzi hata mara moja. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo hewa uliyoivuta huko chini hutanuka unapopanda. Anayepanda kwa kasi na mdomo kaufunga, mapafu yake huwa kama puto linaloongezwa upepo. Wanaoanza wasivuke mita 18, na wakipanda wapande polepole. Na la tatu, hakuna anayezama peke yake, kila mtu ana mwenza.

Mwenza wangu alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, mwanamke wa rika langu. Mimi nilimtaka kamera, yeye alinitaka salama. Mnaona wenyewe nani alikuwa na akili.

Nilinunua kamera ndogo na kasha lake la kuzuia maji kwa fedha nilizokuwa nimeweka kununulia ovaloki. Kwa fundi, hiyo ni kama kuuza mbuzi wa maziwa ili ununue ndege wa kuimba. Kasha lile mlango wake unazibwa na mpira mwembamba wa duara, mithili ya uzi mnene, unaopakwa mafuta kidogo kabla ya kufunga. Nilifunga kwa haraka, juu ya meza niliyokuwa nimetoka kukatia kitambaa. Tulipofika mita nane nikaona vipovu vinapanda kutoka pembeni mwa kasha, kisha kioo kikatia ukungu, kisha maji yakasimama ndani kama chai kikombeni. Sikufikiri mtungi, sikufikiri mapafu. Nilifikiri ovaloki. Nikapiga mapezi nikaanza kupanda, na pumzi nimeifungia kifuani.

Mwenza wangu alinidaka jaketi. Hakunivuta chini, alinishikilia tu pale pale, akaleta uso wake mbele ya wangu, akatoa mapovu marefu mdomoni ili nione. Pumua. Toa. Tena. Nikatoa. Tukapanda pamoja, taratibu, tukasimama dakika tatu kwenye mita tano, mimi nimekumbatia kasha lililojaa maji ya chumvi.

Juu, mwalimu alilifungua kasha akachomoa kitu kwenye ule mpira kwa ncha ya kucha. Uzi mmoja. Wa pinki, wa gauni la msimamizi.

Kamera ilikufa. Nilikaa siku mbili sina hamu ya kitu, na katika siku hizo mbili ndipo nilipoanza kusoma habari za watu waliotangulia. Nikamkuta mwenzangu wa kwanza kabisa. Mwaka 1856, katika ghuba ya Weymouth kusini mwa Uingereza, mwanasheria aitwaye William Thompson alitia kamera ya sahani ya kioo ndani ya sanduku, akaliteremsha kutoka kwenye mashua mpaka kina cha mita tano na kitu, akaiacha lenzi wazi kwa dakika 10. Ndiyo picha ya kwanza ya chini ya bahari inayojulikana duniani, kiza kitupu na kivuli cha mwani. Na sanduku lake? Lilivuja, maji yakaingia kwenye kamera. Alhamdulillah, nikasema, kumbe hata aliyeanzisha alianza kama mimi. Thompson hakuzama, alibaki mashuani, na hakuwa peke yake: alikuwa na rafiki yake, Kenyon. Jina hilo utalikuta kwenye masimulizi mara moja, kisha linapotea.

Baada yake akaja Mfaransa Louis Boutan. Huyu alizama mwenyewe, mwaka 1893, huko Banyuls-sur-Mer, amevaa kofia ya shaba ya wazamiaji wa zamani. Mtu anayesimama chini ya bahari na kofia ile anategemea pumzi inayosukumwa na watu wengine kutoka mashuani. Wakichoka wao, anakufa yeye. Kasha la kamera yake lilisanifiwa na kaka yake, Auguste. Picha yake ninayoipenda ni ya mwaka 1899: mwanasayansi wa Romania, Emil Racoviță, kasimama chini ya maji na vazi zito la mzamiaji, kashika kibao chenye maandishi. Mtu na kibao. Nilipoiona nilicheka peke yangu, maana picha yangu ya pale dukani, niliyokuja kuipiga mwaka uliofuata kwa kamera ya kuazima, nayo ina mkono umeshika kibao.

Huo mkono ni wa mwenza wangu. Alikuwa anaandika kiasi cha hewa kilichobaki kwenye mtungi wangu, kwa sababu ananijua. Miaka yote picha ile ipo ukutani, watu wanauliza samaki.

Tangu hapo kila niliposoma historia hii nilitafuta mkono. Nikampata Lotte Baierl, binti wa Vienna aliyezaliwa 1928, karani wa mpiga picha wa baharini maarufu, Hans Hass. Alitaka kwenda naye kwenye safari zake. Hass hakutaka mwanamke. Basi bosi alipokuwa mbali, Lotte alichukua kamera yake ya chini ya maji akaenda kujifunzia kwenye maji ya mto Danube karibu na mji, na picha zake zikachapishwa gazetini. Watengenezaji wa filamu walipoziona wakasema huyu lazima aende. Mwaka 1950 walikuwa Port Sudan, Bahari ya Shamu, anaogelea karibu na papa. Mwaka huo huo Hass alimwoa. Filamu ya safari ile ilipata zawadi Venice mwaka 1951. Nimemtaja kwa ufupi kwa sababu mwenye hadithi yangu ni mwingine, na yeye ni wa huku kwetu Afrika Mashariki.

Sasa tuingie Serengeti, ili yule binti wa Mugumu apate jibu lake.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuwa wanahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo waliyoipaka milia kama punda milia. Walikuwa wanatengeneza pia filamu. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tai, ikaanguka, na Michael, aliyekuwa na miaka 24, akafariki. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu ilimalizika bila yeye, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Miongoni mwa waliofanya kazi ya kamera katika filamu hiyo alikuwemo kijana aitwaye Alan Root, aliyezaliwa London na kulelewa Kenya.

Mwaka 1961 Alan alimwoa Joan Thorpe. Joan alizaliwa Nairobi Januari 1936, baba yake alikuwa mkulima wa kahawa aliyegeukia kuwapeleka watalii porini kupiga picha. Alikuwa mtu wa haya, wa maneno machache. Wawili hawa walifanya kazi pamoja kwa takriban miaka 20. Filamu yao The Year of the Wildebeest iliwafuata nyumbu wa Serengeti katika mzunguko wao wa mwaka, hao hao ambao mabiharusi wangu wa Mugumu wanawaona kila msimu wanazuia barabara.

Joan ndiye aliyepanga kambi, chakula, vifaa, safari, na wanyama wagonjwa waliookotwa njiani. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya swila ili ateme sumu kwenye miwani yake huku mumewe anapiga picha. Majina yao yanatajwa pamoja kwenye filamu, siwezi kusema alidhulumiwa hapo. Lakini mimi nililisikia jina la Alan mara nyingi sana kabla ya kulisikia la Joan. Nadhani nanyi ni hivyo hivyo, kama mmewahi kuyasikia kabisa.

Na hawa ndio walioingia majini. Si Mara. Walikwenda Mzima.

Mzima ni chemchemi iliyo ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu inazama kwenye mawe ya volkano, inachujwa humo, kisha inatokea Mzima ikiwa safi kama kioo. Shoga zangu wa Mombasa, maji ya bomba mnayotawadhia yanatoka huko. Na katika maji hayo wanaishi viboko na mamba.

Alan na Joan walizama humo na mitungi. Filamu yao, Mzima: Portrait of a Spring, iliwaonyesha watu jambo ambalo wenyeji wa mto wowote wenye viboko wanaliishi lakini hawalioni: kiboko haogelei. Mnyama wa tani na zaidi anakwenda chini kwa vidole vya miguu, kama bibi mnene anayecheza msondo, mwepesi, anaruka hatua kwa hatua kwenye mchanga. Samaki wanamfuata wanamsafisha ngozi na kula kinyesi chake. Kutoka ukingoni unaona masikio na pua tu, unasema mnyama mvivu yule.

Siku moja kiboko dume aliwashambulia. Jino lake lilipiga miwani ya Joan usoni na kuiharibu. Kisha akamgeukia Alan, akamshika mguu, akamtikisa kama mbwa na kitambaa. Alan alipelekwa hospitali Nairobi, na mguu ukapona.

Kila anayekisimulia kisa hiki huanza na mguu wa Alan. Ni haki, lilikuwa jeraha baya. Lakini mimi niliposoma, mwili wangu ulisisimka kwenye miwani ya Joan. Zoezi la kwanza tulilofundishwa lilikuwa kutia maji ndani ya miwani kwa makusudi na kuyatoa kwa pumzi ya pua. Tulikuwa kwenye bwawa, maji yanafika kifuani, mwalimu kanishika mkono, na bado nilitaka kukimbia. Pua inajaa, macho hayaoni, akili inakwambia vuta hewa, na ukivuta umekwisha. Yeye yalimfika bila mwalimu, na kiboko yuko pale pale haoni amekwenda upande gani. Jino lingesogea kidogo tu, tusingekuwa na habari ya miwani.

Ndoa yao haikudumu mpaka mwisho. Walitengana katika miaka ya 1980. Joan alibaki Naivasha, akaishi kandokando ya ziwa, akapigania samaki wa ziwa lile wasivuliwe kwa wizi wakaisha. Januari 2006 watu wenye silaha walimuua nyumbani kwake, siku chache kabla hajatimiza miaka 70. Alan aliishi mpaka 2017. Allah ndiye ajuaye ya moyoni mwa watu. Mimi ninachojua ni kwamba picha zile za Mzima hazikuwa na namna ya kupigwa na mtu mmoja.

Kwa nini basi Mzima na si Mara? Mavyaa alikuwa na nusu ya jibu. Nusu nyingine ni uchafu wa maji, nao una hesabu zake. Watafiti waliofanya kazi upande wa Kenya wa mto Mara walikadiria viboko 4,000, ambao kwa siku moja huingiza mtoni kinyesi cha kilo zipatazo 36,000. Wanakula nyasi usiku nchi kavu, mchana wanashinda majini. Nyumbu wanaozama wakivuka wamekadiriwa wastani wa 6,250 kwa mwaka. Ongeza udongo wa mashamba unaoshuka na mvua. Maji hayo yakishavuka mpaka yanapita Lamai na Kogatende, yanakwenda kati ya Tarime na Serengeti mpaka kwenye mabwawa ya matete, kisha Ziwa Victoria. Huwezi kuona mkono wako humo.

Wala msiseme utawasha fleshi. Mwanga wa fleshi ukikutana na chembe ndani ya maji unarudi kwenye lenzi, picha inajaa madoa meupe. Ni kama dereva anayewasha taa kali ndani ya vumbi la barabara ya Nyamongo, haoni barabara, anaona vumbi. Hata kwenye bahari yetu safi mwalimu alinifundisha kuiweka fleshi mbali na lenzi, pembeni, na kumsogelea samaki mpaka maji yaliyo kati yetu yawe machache. Maji yanadanganya pia umbali: samaki aliye mita nne unamwona kama yuko mita tatu, na mkubwa kuliko alivyo. Ndiyo maana picha zangu za mwanzo zote samaki ni vijitu vidogo katikati ya bluu. Nilidhani nimemfikia.

Ila maji ya Serengeti nayo yalipata watu wake. Waingereza wawili, Mark Deeble na Victoria Stone, wapiga picha za chini ya maji, walikaa kwenye mto Grumeti, magharibi ya hifadhi, wakiwapiga filamu mamba wakubwa wanaowangojea nyumbu. Filamu yao ya mwaka 1990 inaitwa Here Be Dragons. Baadaye walikwenda Ziwa Tanganyika, na Mzima pia. Tena wawili, mwanamume na mwanamke. Angalau hawa mara nyingi hutajwa kwa pamoja.

Biharusi wa Mugumu alirudi kwa ajili ya kujaribu gauni. Lilikuwa jekundu, la hariri, na taraza za dhahabu. Nikamsimulia yote haya huku nabana pini kiunoni. Akasema basi fungate wanakwenda Unguja, na anataka picha chini ya maji na gauni lile lile.

Nikamwambia, mwanangu, nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kufa majini. Maji yanaunyonya mwekundu wa jua kabla ya rangi nyingine. Ukifika mita tano umeshafifia, mita 10 gauni lako litakuwa la kahawia iliyokufa, karibu na kijivu, na hina yako itakuwa kama masizi. Bluu ndiyo inayobaki, ndiyo maana picha ya pale ukutani ni bluu yote. Ukitaka nyekundu ionekane nyekundu, ubaki juu, maji ya kiunoni, saa sita mchana, jua liko kichwani, au mpiga picha alete taa karibu yako sana. Na hariri ikirowa ni mzigo, inakufunga miguu. Mtu asiyejua kupiga mbizi asizamishwe na gauni kwa ajili ya picha, hata huyo mpiga picha awe nani. Nitakushonea jingine la kitambaa chepesi, la samawati au la njano, la kuingilia maji ya kina kifupi, na kaptula ndefu ndani.

Akakubali la njano. Kisha akaigeukia tena picha ukutani, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Na huu mkono wa nani?"

Nikamwambia ni wa mwalimu mmoja wa Unguja, na alichonifanyia siku ya uzi wa pinki. Akauliza kama Disemba atakuwepo. Nikatoa simu nikampa namba yake.